Unauza noti ya zamani, namba umeiziba na kidole gumba. Unaficha nini?

Wakuu, nimepigwa, na safari hii sikai kimya.

Wiki tatu zilizopita niliona tangazo la shilingi 20 ya mwaka 1966, ile ya bluu yenye Nyerere kijana, toleo la kwanza kabisa la Benki Kuu yetu. Nimeitafuta miaka, maana marehemu baba alikuwa akisema mshahara wake wa kwanza alilipwa kwa noti hizo. Pichani ilikuwa safi: kona zimesimama, karatasi haina hata kunjo moja. Ila namba ya noti ilizibwa na kidole gumba. Nikauliza kulikoni. Akanijibu, "Usalama huo bosi, matapeli wengi." Nikamwamini, nikatuma hela kwa simu.

Mzigo ukaja kwa basi. Nafungua bahasha nakuta noti ya 1966 kweli, lakini siyo ile. Imekunjwa mara nne hadi rangi imechubuka kwenye mikunjo, ina matundu mawili ya pini, na kona moja ina doa la mafuta. Nampigia ananiambia, "Mzee, si 1966 hiyo hiyo? Picha ilikuwa ya mfano tu."

Ya mfano! Hakuliandika hilo popote. Na nimbane kwa kipi? Kunjo atasema bahasha ilibanwa kwenye buti. Doa atasema nimelitia mwenyewe. Kitu pekee ambacho kingemaliza ubishi ni namba, na namba ndiyo aliyoikalia na kidole.

Sasa nyie mnaotetea mtindo huu kila siku, nielewesheni. Namba ya noti siyo namba ya siri ya simu. Mtu akiijua hachoti hata senti yako. Mnasema tapeli ataiba picha auze noti asiyo nayo. Ni kweli, wapo. Lakini picha yenye kidole ataiiba vilevile, tena kwake ni nafuu zaidi kwa sababu mnunuzi hana namba ya kulinganisha. Dawa ni kuweka karatasi pembeni ya noti, uandike jina lako na tarehe ya leo, upige picha upya. Dakika mbili tu.

Halafu siku ukivunjiwa nyumba utaenda kuwaambia nini polisi? "Nimeibiwa noti ya bluu"? Zimechapishwa nyingi zenye sura ileile. Kinachoitambulisha ya kwako ni namba. Zile rupia za Zanzibar zilizoanza kutolewa 1908, zilizobaki ni chache mno, wakusanyaji wanazifuatilia moja moja kwa namba. Ukificha namba ya noti kama hiyo, mnunuzi anayejua kazi anaanza kujiuliza umeitoa wapi.

Kuna jambo moja nalikubali. Noti zilizopimwa na PMG, kampuni inayokagua uhalisi na hali ya noti, na kufungwa kwenye plastiki zina namba ya cheti, na kuna watu wanaghushi plastiki hizo kwa kunakili namba halali waliyoiona kwenye picha. Hofu hiyo ina msingi. Lakini namba hiyohiyo ndiyo mnunuzi anaiingiza kwenye tovuti ya PMG kuhakiki, na mara nyingi anakuta picha ya noti yenyewe. Ukiificha umemnyima njia ya kumkamata mghushi.

Anayeonyesha tu mkusanyiko wake, hauzi, azibe anavyotaka, sina ugomvi naye. Nasema na wauzaji. Tangu Benki Kuu ilipoondoa noti za zamani kwenye mzunguko, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, naona kila mwenye elfu kumi ya zamani kabatini anajiita muuzaji wa noti adimu, na wengi wameiga hicho kidole.

Nimeshasema na mimi mwenyewe: bila picha ya mbele na nyuma ya noti, namba ikionekana, situmi hata mia. Na wewe uliyenitumia ile takataka, najua unasoma hapa. Nilikuambia nakurudishia noti yako kwa basi lilelile, nauli juu yangu. Hela yangu irudi, au nitumie ile ya pichani, kidole kikiwa kimeondoka.