Fundi bomba na fundi nondo hawasemezani, zege la slabu ni Jumamosi. Nimtimue yupi?

Mpambanaji_Kibaha: Wakuu habari. Nina ghorofa moja, tumefika slabu, yaani sakafu ya zege ya juu. Shata (mbao za kushikilia zege) tayari, nondo zimefungwa. Tangu juzi fundi nondo kagoma, anasema hagusi hata ringi moja mpaka fundi bomba aondoke saiti. Nishaurini.

Kokoto_Nusu: Timua wote, mmwage zege wewe na shemeji zako 😂

MamaSaiti: Hapo angalia hela kwanza. Fundi mkuu akishika malipo ya wote, wa bomba hulipwa mwisho. Kila fundi awe na mkataba wake, alipwe kwa hatua: kulaza bomba, kujaribu maji, kumalizia.

Bimu_Kavu: Mkuu, wanagombania nini hasa? Bomba gani, linapita wapi?

Mpambanaji_Kibaha: La choo, inchi 4. Linakatiza bimu (boriti ya zege) ya sebule. Fundi bomba alikata nondo mbili za chini ili lipite. Ila fundi mkuu kasema watachomelea, yataisha.

Bimu_Kavu: Yataisha pamoja na bimu. Ina nondo ngapi?

Mpambanaji_Kibaha: Bimu ni mm 230 kwa 450, chini nondo nne za mm 16.

Bimu_Kavu: Basi nusu ya chuma cha chini kimekwenda, na kama ni katikati ya bimu ndipo panapovutwa zaidi. Kuchomelea kiholela kunaweza kuifanya nondo ikatike ghafla. Kipande cha kuungia kikipitana na nondo mara 50 ya kipenyo chake, ni mm 800 kila upande wa palipokatwa, na mhandisi ndiye wa kukubali au kukataa. Bomba litoke humo, lipite chini ya bimu, dari ilifiche. Mteremko 1 kwa 40, maana yake kwa mita 4 linashuka sm 10. Pima kama kimo cha sebule kinaruhusu.

ChaiYaSaaNne: Hii chai. Vipimo vya bimu unavyo, mchoro unao, halafu bomba la choo likatize sebule? Msanifu gani kachora hivyo? Sema kweli au uzi ufungwe.

Mpambanaji_Kibaha: Si chai. Kwenye mchoro choo kiko juu ya jiko. Mimi nilikihamisha, nikamtumia fundi bomba sauti WhatsApp. Choo kimoja tu, mhandisi wa nini? Kila akija ana bili. Na mixa ya zege nimeshalipia.

MamaSaiti: Kumbe! Wa bomba kafuata maagizo ya bosi, wa nondo analinda mchoro. Hata ukimtimua mmoja, atakayekuja atagombana na aliyebaki. Kaeni saitini wote, na wa umeme pia, mchoro ukiwa mezani. Andaa karatasi moja ya ukaguzi: shata na mirunda, nondo, bomba, paipu za umeme. Kila fundi asaini kazi yake, mhandisi awe wa mwisho. Badiliko lolote liandikwe, liwafikie wote siku hiyo hiyo, na asikate mtu chuma bila mhandisi. Nondo mpya ulipe wewe.

Kokoto_Nusu: Na kibali cha halmashauri kinaonyesha choo mahali pa zamani, usijisahaulishe.

Mpambanaji_Kibaha: Mhandisi akikosa nafasi Ijumaa?

Bimu_Kavu: Zege halimwagwi. Mpigie mwenye mixa leo, asogeze siku.

ChaiYaSaaNne: Bado nasubiri picha ya hiyo bimu.