Monita mpya ya 4K kwenye Linux Mint: picha imekwama kwenye rezolusheni ndogo na sauti haitoki

kebo_ndefu (swali)

Salamu kwenu nyote. Naomba msaada katika jambo ambalo linaonekana kuwa matatizo mawili, ingawa yalianza siku moja.

Kompyuta yangu ni ya mezani, ina prosesa ya Intel Core ya kizazi cha nne, haina kadi ya michoro ya ziada, na inatumia Linux Mint 22 yenye mazingira ya eneo-kazi ya Cinnamon. Kwa muda mrefu nilikuwa na monita ya inchi 22 iliyounganishwa kwa kebo ya DVI, yenye rezolusheni ya 1920×1080, na spika ndogo zilizochomekwa kwenye tundu la kijani nyuma ya kompyuta. Kila kitu kilifanya kazi bila usumbufu. Sasa nimeweka monita ya inchi 27 ya 3840×2160 yenye spika zake ndani, nikaiunganisha kwa HDMI na kuziondoa zile spika za zamani.

Tangu hapo picha ni kubwa mno na yenye ukungu. Mipangilio ya skrini inanionyesha rezolusheni moja tu, 1024×768, bila chaguo lingine lolote. Upande wa sauti, orodha ya vifaa ina ile ya analogi peke yake. HDMI haimo kabisa. Nimebadilisha kebo na nimejaribu monita hiyohiyo kwenye kompyuta nyingine, ambako picha na sauti vilitoka vizuri. Nikiandika `xrandr` napata hivi:

```
default connected primary 1024x768+0+0 0mm x 0mm
   1024x768      0.00*
```

Je, nianze na picha au na sauti? Na je, inawezekana dreva ya Intel (programu inayoendesha michoro) haiitambui monita hii kwa sababu ni mpya mno kwa kompyuta ya umri huu?

mshazari

Ndugu, rezolusheni inayokosekana unaweza kuiongeza mwenyewe. Endesha `cvt 3840 2160 60`, kisha chukua mstari unaopata na uutumie pamoja na `xrandr --newmode` na `xrandr --addmode`. Mimi hutumia njia hiyo kila monita inapotoa taarifa zenye kasoro. Kwa sauti, sakinisha `pavucontrol` na uangalie ukurasa wake wa mwisho, ambao ndio unaoorodhesha kadi zote pamoja na wasifu wa kila kadi, yaani njia ambayo kadi inatolea sauti.

nguzo_ya_tatu

Kabla hujafuata ushauri wa kuongeza rezolusheni kwa mkono, ambao una mahali pake lakini si hapa, tazama tena mistari miwili uliyotuwekea. Njia ya kutolea picha inaitwa `default`, vipimo vya skrini ni milimita sifuri kwa sifuri, na kasi ya kuonyesha upya ni sifuri. Dreva ya Intel ingekuwa inafanya kazi, ungeona majina kama `HDMI-1` na `DP-1`, ungeona ukubwa halisi wa monita, na ungeona orodha ndefu ya rezolusheni. Hiyo unayoiona ni picha ya dharura: programu-msingi ya ubao mama (BIOS au UEFI) huchagua rezolusheni moja kompyuta inapowaka, kisha Linux huendelea kuchora ndani ya fremu hiyohiyo bila uwezo wa kuibadilisha. Katika hali hiyo `--newmode` haina pa kushika.

Nadhani kerneli yako, yaani kiini cha mfumo wa Linux, inawashwa kwa neno `nomodeset`. Hakikisha kwa amri hii:

```
cat /proc/cmdline
```

Neno hilo huizuia dreva ya michoro isishike usukani wa skrini, na mara nyingi huongezwa wakati wa usakinishaji, skrini inapogoma kuonyesha kitu. Kama limo, basi huenda kompyuta yako haijawahi kutumia dreva ya Intel tangu mfumo uliposakinishwa. Hukugundua kwa sababu programu-msingi ilikuwa ikiichagulia monita ya zamani 1920×1080, ambayo ndiyo iliyokuwa rezolusheni yake halisi, na kwa sababu spika zako zilipita kwenye tundu la analogi, ambalo halihusiani na kadi ya michoro. Monita mpya imeondoa maficho yote mawili kwa pamoja.

Hapo ndipo sauti inapoungana na picha. Kwenye prosesa za kizazi hicho, kifaa cha sauti cha HDMI ni kadi ya peke yake, tofauti na ile ya analogi, na kadi hiyo hupata umeme na taarifa zake kutoka kwa dreva ya michoro. Dreva hiyo isipokuwapo, kadi ya sauti ya HDMI haianzi kabisa. Tazama kumbukumbu za kerneli:

```
sudo journalctl -k -b | grep -i -e hda -e i915
```

Ukikuta mstari unaolalamika kwamba sauti ya HDMI na DisplayPort inahitaji kwanza kufungamana na dreva ya michoro, basi tatizo ni moja, na jibu la swali lako la kwanza ni kuanza na picha.

Usilifute neno hilo moja kwa moja kwenye faili. Jaribu kwanza kwa muda: washa kompyuta upya, fungua menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, kwa kubonyeza Esc (au kushikilia Shift kwenye mashine zisizotumia UEFI), weka kishale kwenye Linux Mint, bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, ondoa `nomodeset` peke yake, kisha bonyeza F10. Mabadiliko hayo hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu, hivyo skrini ikibaki nyeusi utaizima na kuiwasha kompyuta na kurudi ulipokuwa. Mambo yakienda sawa, ndipo uhariri `/etc/default/grub` na kuendesha `sudo update-grub`.

Kuhusu umri wa kompyuta, `i915`, yaani dreva ya Intel, haijali monita ilitengenezwa lini. Husoma maelezo ambayo monita yenyewe huyatuma kupitia kebo, yaitwayo EDID. Umri utakuja kusumbua kwenye kasi, lakini tuvuke kwanza huu mto.

kebo_ndefu

Nashukuru sana. Neno `nomodeset` lilikuwamo, na ule mstari wa malalamiko kuhusu sauti nimeukuta kwenye kumbukumbu kama ulivyoueleza. Nimelijaribu kwa muda, kisha nimeliondoa kwenye faili. Sasa `xrandr` inataja `HDMI-1`, rezolusheni ya 3840×2160 imejiweka yenyewe, na sauti inatoka kwenye monita nikichagua HDMI katika mipangilio.

Lakini kishale cha kipanya kinaruka-ruka, na dirisha likiburuzwa linaacha nyuma kama kivuli. Orodha inanipa 30 kama kasi ya juu kabisa kwa 3840×2160, ilhali kwa 1920×1080 kuna 60. Monita imeandikwa kwamba inafika 60. Je, sasa ndipo nitumie `--newmode`?

nguzo_ya_tatu

Hapana, na hapa sababu ni hesabu. Picha ya 3840×2160 mara 60 kwa sekunde huhitaji kupitisha pikseli milioni 594 kila sekunde, ukijumlisha na zile za pembezoni ambazo hazionekani lakini hutumwa. HDMI ya toleo la 1.4 hufika milioni 340 tu, na tundu la HDMI la prosesa za kizazi chako linakomea karibu na milioni 300. Mara 30 kwa sekunde ni milioni 297, nayo inapenya kwa shida. Hata ukiandika rezolusheni yako mwenyewe, ama dreva itaikataa, ama itaipitisha na monita ionyeshe weusi. Kununua kebo ya HDMI ya bei kubwa zaidi nako hakutasaidia, kwa kuwa kikomo kiko ndani ya kompyuta.

Kwa bahati nzuri, bao za mama nyingi za kizazi hicho zina tundu la DisplayPort, na DisplayPort ya toleo la 1.2 inaibeba 3840×2160 kwa 60 bila kujikaza. Tazama nyuma ya kompyuta. Kama lipo, tumia kebo ya DisplayPort kwa DisplayPort, bila adapta katikati. Adapta ndogo za kawaida za kugeuza DisplayPort kuwa HDMI hazibadilishi kitu: zinaliambia tundu lijifanye HDMI, na kikomo kilekile kinarudi.

Kama halipo, chaguo la heshima ni 2560×1440 kwa 60, ambayo huhitaji takriban milioni 242 na hivyo inapita kwenye HDMI uliyo nayo. Haitakuwa kali kama rezolusheni halisi ya monita. Kwa kazi za maandishi, hata hivyo, mimi ningeichagua kuliko kuishi na 30.

mshazari

Nakubali kwamba nilikimbilia `--newmode` bila kuisoma vizuri ile `default`. Niongeze tu kwamba baadhi ya monita zina kipengele ndani ya menyu yao wenyewe, ile inayofunguliwa kwa vitufe vya chini ya kioo, kinachochagua toleo la HDMI au la DisplayPort. Kikiwa kimewekwa kwenye toleo la zamani, monita hutangaza uwezo mdogo kuliko ilio nao, na hakuna amri ya Linux itakayolibadilisha hilo. Ni vyema ukakagua kabla ya kununua kebo yoyote.

Na kwa wasomaji wengine wanaotumia Wayland, mfumo mpya wa kuchora skrini unaochukua nafasi ya X11: humo `xrandr` huonyesha skrini za kuigiza tu, na mabadiliko unayoyafanya kwayo hayafiki kwenye monita. Tumieni mipangilio ya mazingira yenu ya eneo-kazi.

kebo_ndefu

Tundu la DisplayPort lipo, na kebo nimeipata. Picha sasa ni 3840×2160 kwa 60, na kishale kinateleza kama inavyotakiwa.

Sauti, hata hivyo, imenyamaza tena. Katika orodha bado kuna chaguo lililoandikwa HDMI, mchoro wa sauti unacheza muziki unapolia, lakini spika za monita ziko kimya. Nimeongeza sauti kwenye menyu ya monita yenyewe, bila mafanikio.

sauti_ya_pili

Ngoja nilipokee hili, maana sauti ndiyo kazi yangu.

Kadi yako ya sauti ya HDMI ni moja, lakini ina njia kadhaa za kutokea, na kila tundu la picha lina njia yake. Ulipokuwa kwenye HDMI ulichagua njia ya kwanza. WirePlumber, inayosimamia vifaa kwa niaba ya PipeWire, mfumo wa sauti wa Mint, ikaiweka kumbukumbuni na bado inaishikilia. Muziki wako unaelekea kwenye tundu lisilo na kebo, ndiyo maana mchoro unacheza na spika haziambulii kitu. Hakikisha kwanza kwamba monita imejitambulisha:

```
cat /proc/asound/card*/eld*
```

Utapata mafungu kadhaa. Tafuta lenye `monitor_present 1` na `eld_valid 1`. Hapo utaona jina la monita yako na aina ya muunganisho. Likiwapo, kerneli imeshamaliza sehemu yake, na kilichobaki ni kuchagua wasifu. Majina ya kadi utayapata kwa `pactl list cards short`, na kwa prosesa yako nategemea iwe hivi:

```
pactl set-card-profile alsa_card.pci-0000_00_03.0 output:hdmi-stereo-extra1
```

Ikibaki kimya, weka `extra2` mahali pa `extra1`. Katika `pavucontrol`, ukurasa wa mwisho hukuonyesha wasifu huohuo na kukuambia ni upi ambao haujachomekwa kitu, kama hupendi kuandika amri.

kebo_ndefu

Ilikuwa `extra1`. Sauti imerudi, na imebaki hata baada ya kuzima na kuwasha.

Nina mawili madogo yaliyosalia. Mlio mfupi wa arifa hausikiki, au husikika mwisho wake tu, ilhali muziki mrefu hauna shida isipokuwa sekunde ya kwanza. La pili, maandishi ni madogo mno, na nilipoweka ukuzaji wa asilimia 150 kompyuta ikawa nzito.

sauti_ya_pili

La arifa linatokana na usingizi. Sauti isipotumika kwa sekunde tano, WirePlumber hukifunga kifaa. Kikifunguliwa tena, monita huchukua muda kabla ya kuanza kutoa sauti, na mlio mfupi unakuwa umeshapita. Mint 22 inatumia WirePlumber ya mfululizo wa 0.4, hivyo tengeneza faili `~/.config/wireplumber/main.lua.d/51-usilale.lua` na uweke humo:

```
table.insert(alsa_monitor.rules, {
  matches = { { { "node.name", "matches", "alsa_output.pci-0000_00_03.0*" } } },
  apply_properties = { ["session.suspend-timeout-seconds"] = 0 },
})
```

Kisha endesha `systemctl --user restart wireplumber`. Wenye toleo la 0.5 na kuendelea wasinakili hiki, kwa sababu muundo wa faili zake si Lua tena.

nguzo_ya_tatu

Kuhusu ukuzaji, Cinnamon ikiwa kwenye X11 hutekeleza asilimia 150 kwa kuchora kila kitu kwa ukubwa wa mara mbili na kisha kukipunguza, kazi ambayo kwa pikseli za 4K ni mzigo kwa michoro ya Intel ya umri huo. Rudisha ukuzaji kwenye asilimia 100, halafu ukuze maandishi peke yake:

```
gsettings set org.cinnamon.desktop.interface text-scaling-factor 1.5
```

Vitufe na aikoni zitabaki ndogo kidogo, lakini hakuna uzito wowote utakaoongezeka. Firefox huwa inafuata kipimo hicho. Programu chache za zamani hazitakifuata, na hizo itabidi uzikuze moja moja ndani ya mipangilio yao.

kebo_ndefu

Yote mawili yamefanya kazi. Nimeweka 1.4 badala ya 1.5, kwa kuwa kichwa cha madirisha kilikuwa kinene mno. Nauweka mjadala huu kuwa umetatuliwa.