Unga wa mwani kwa mtoto: protini yake ni ya kutegemea?

MamaJambiani
Assalaam alaykum. Mie nalima mwani. Mwanangu wa miaka minne samaki hamtaki, hata harufu. Shoga yangu wa mjini kanambia kuna unga wa kijani, spirulina, umeandikwa protini asilimia 60, lakini bei yake kali. Mwani si ndio huu ninaouanika? Nikiusaga nikamtilia kwenye uji, haitokuwa yale yale?

BiLishe_Wete
Waalaykum salaam dada. Hapana, si yale yale. Spinosamu na kotonii, aina za mwani mnazolima, wanunuzi wanazitaka kwa karajinani, ule ute wa kugandishia vyakula. Protini yake ndogo, mara nyingi haifiki asilimia 10 ya uzito mkavu. Tena mwani wa kuuza una chumvi na mchanga, usimpe mtoto.

Spirulina ni kiumbe kingine, cha jamii ya bakteria, na kimoja kimoja hukioni kwa jicho. Kando ya Ziwa Chad watu huivuna, wakaikausha na kuipikia mchuzi. Asilimia 60 ni kweli, ila pima kwa kijiko: kijiko cha chai ni kama gramu 3, protini ndani yake haizidi gramu 2 hivi. Yai moja lina kama gramu 6! Asidi amino muhimu, yaani vijenzi vya protini, zote zimo, lakini mbili kati yake, methionini na laisini, ni pungufu ukilinganisha na yai au maziwa. Na wakikwambia ina vitamini B12, nyingi yake ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauitumii.

Linaniuma mama kujibana anunue kikopo, na mayai yapo duka la jirani.

Kijana_Bububu
Bi, na klorela je, ule unga mwingine wa kijani wa mwani mdogo? Mie naitumia baada ya mazoezi.

BiLishe_Wete
Klorela ina ukuta mgumu wa seli. Tazama kama umeandikwa umepasuliwa, la sivyo tumbo halipati protini yote. Na zote mbili, usinunue unga usiojulikana umelimwa wapi. Maji yakiwa na mwani wa sumu, sumu ya ini huingia humo humo.

MamaJambiani
Ahsante Bi. Sasa nimpikie nini?

BiLishe_Wete
Choroko za nazi kwa wali. Wali una upungufu wa laisini, choroko inayo. Choroko ina upungufu wa methionini, wali unayo. Yai lichanganye kwenye uji ukiwa bado jikoni, liive. Na mpeleke kliniki apimwe uzito. Wakiona haongezeki, wao ndio watakaokuelekeza.