Naomba ushauri: Omega ya mtumba, nakagua nini kabla ya kulipa?

Wakuu habari zenu. Nimejichanga miaka mitatu nataka saa yangu ya kwanza ya maana, nimeipenda Omega Seamaster 300M ile ya bluu yenye mawimbi kwenye uso, toleo lililoanza 1993. Mpya siiwezi kabisa. Sasa kuna jamaa yupo Deira, Dubai anauza, shemeji yangu yuko kulekule atanisaidia kuikagua ila naye saa hazijui.

Muuzaji anasema boksi lipo ila kadi ya waranti imepotea, hapo ndo roho inasita maana boksi hata feki zinakuja nalo. Nimesoma kwamba seriali namba inachongwa nyuma kwenye pembe ya kushikia mkanda na mashine ndani (kwa zile za automatic, zisizotumia betri) mara nyingi huwa aina ya Omega namba 1120, kwahiyo nataka ifunguliwe kwa fundi tutakayemchagua sisi, sio wa kwake. Pia kwenye picha kingo zimelainika sana, nahisi imepigwa polishi mara nyingi.

Je, bila kadi nishushe bei kiasi gani? Na ikifika Dar sevisi mnafanyia wapi? Waliowahi kununua nisaidieni tafadhali, anataka jibu Ijumaa.