Mhindi aliyezaliwa Arusha ni mgeni mpaka lini?

Mzee wa Ngarenaro: Wakuu, salaam. Jana niko dukani kwa Mhindi mmoja, si mbali na soko kuu, nanunua bomba la nusu inchi. Jamaa mmoja akagombana naye kwa chenji ya shilingi 500. Maneno yakazidi, jamaa akafoka, "Rudi kwenu!" Yule mzee wala hakupandisha sauti. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akasema: "Kwetu hapa. Babu amechomwa hapa, baba amechomwa hapa, na mimi mtanichoma hapahapa." Duka zima kimya. Swali langu: mtu wa kizazi cha tatu anakuwa mgeni mpaka lini? Tujadili bila matusi.

Chalii wa Sakina: Shikamoo mzee. Hiyo ya kuchomwa imenichekesha na kunitisha kwa pamoja. Ila tusidanganyane, wanajitenga wenyewe. Shule zao, harusi zao, kumbi zao. Msibani anakuja na bahasha, dakika tano kaondoka, viatu havijashika hata vumbi. Nani amewahi kumwona Mhindi amekaa chini ya turubai mpaka wali ukaiva? Halafu dada wa kazi ananywea kikombe chake peke yake. Mama yangu kawafanyia kazi miaka 11, najua ninachosema.

Chai Rangi: Mimi ni mmoja wa hao "wao". Nimezaliwa Arusha, nimesoma shule ya serikali mpaka la saba, kwenye simu kila mtu ananiita dada mpaka tuonane. Harusi sawa, misiba sawa, nakubali. Lakini kikombe? Kwetu hapakuwa na kikombe cha mtu. Usitupake wote.

Chalii wa Sakina: Kilikuwepo. Wewe tu hujawahi kukiosha.

Chai Rangi: Unanijua wapi wewe?

Ustadhi Kijenge: Kabla hamjavunja vyombo, mkisema "Wahindi" mna maana ya nani? Huyo wa mabomba anachomwa, basi ni Mhindu. Bohora, Ithnaasheri na Ismailia wanazika kama mimi. Kalasinga naye ana dini yake. Wenyewe kwa wenyewe kuoana ni kesi, nyie mmewafanya ukoo mmoja!

Chalii wa Sakina: Ustadhi, Bohora ana msikiti wake. Wewe umewahi kuswali humo?

Ustadhi Kijenge: Na wewe Mlutheri lini mara ya mwisho umesali Jumamosi na Wasabato?

Komredi: Mnazunguka. Hawa walikuwa na majumba yote ya mjini, Azimio la Arusha la 1967 likawanyang'anya, kinyongo hakijaisha mpaka leo.

Mwalimu Mstaafu: Komredi, Azimio mnalijua kwa nyimbo tu. 1967 yalichukuliwa mabenki, mabima, viwanda na makampuni. Majumba ni sheria ya 1971, majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wengi waliondoka nchini baada ya hapo. Basi huyo wa mabomba ni wa wale waliokuwa na sababu ya kuondoka na hawakuondoka. Tena uchaguzi wa 1958, ule wa kura tatu, kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kiti cha Mwasia huku Kaskazini alichukua Sophia Mustafa, TANU ikimuunga mkono. Waliompigia ni babu zenu, kama walikuwa na sifa za kupiga kura.

Ole wa Olasiti: Mwalimu, historia nzuri, lakini mnamshupalia Mhindi bure. Mangi, yaani Mchaga, je? Kaja Arusha juzi, fremu zote zake. Desemba 20 anafunga duka anapanda mlimani kwao. Akifa anasafirishwa. Sasa pimeni wenyewe nani mgeni, Mhindi angalau anachomwa hapa.

Mangi wa Marangu: Nimesoma kimya tangu asubuhi ila hapa nimeguswa. Marehemu baba alizikwa kihambani, shamba la ukoo, kwa sababu babu yake yuko hapohapo. Hatukukwepa udongo wenu. Kilomita mia na ushei tu unaniita mhamiaji? Na mwaka jana tarehe 24 nilifungua mpaka saa sita mchana.

Ole wa Olasiti: Saa sita mchana, eti. Mtaa mzima tulikunywa chai chungu mpaka tarehe 3.

Mangi wa Marangu: Wewe ulikosa sukari kwa sababu ya deni la Novemba. Daftari ninalo.

Ustadhi Kijenge: 😂😂 Mangi, mjadala huu una watoto.

Mzee wa Ngarenaro: Jamani, nimeuliza habari ya mzee wa mabomba.

Mmeru wa Poli: Mzee, hao waache. Nyote mnaongelea kuambiwa "rudi kwenu". Sisi tuliambiwa "tokeni" tukiwa kwetu. 1951, Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, ardhi wakapewa walowezi. Mmeru mwenzetu Kirilo Japhet akaenda kulalamika Umoja wa Mataifa. Wakili aliyesimama naye alikuwa Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mgeni huyo! Sijasikia Mmeru akimuuliza kwao wapi.

Komredi: Seaton alikuwa mweusi, ndiyo maana.

Mmeru wa Poli: Alaa. Kumbe tatizo lako siyo ugeni, ni rangi. Ungesema mapema tusingefika huku.

Chai Rangi: Chalii, narudi kwako. Nimempigia dada yangu mkubwa, yuko Leicester, Uingereza. Anasema kilikuwepo, cha plastiki, chekundu, kinakaa peke yake kwenye dirisha la jikoni. Mama alikuwa akisema sisi hatuli nyama na dada wa kazi anakula, basi vyombo visichanganywe. Niliona ni sawa. Sasa nakumbuka baba alikuwa akila kuku wa kuchoma nje na marafiki zake kila Jumapili, na vikombe alitumia vyetu.

Chalii wa Sakina: Cha mama kilikuwa cha bati, rangi ya bluu, mdomoni imebanduka. Siku anaacha kazi alikuja nacho. Kipo kabatini, hakuna anayekinywea.

Chai Rangi: Mama yuko hai?

Chalii wa Sakina: Yupo. Anasoma hapa begani kwangu. Anasema nikwambie ulikuwa mtoto. Na bado anauliza, Leicester baridi?

Ole wa Olasiti: Mangi, nasikia leo umefungua. Sukari ipo?

Mangi wa Marangu: Ipo. Taslimu.