Vitabu vipya vya kitaaluma (insia na sayansi za jamii): nachaguaje bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia?

Msomaji wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tuko watu sita, tulimaliza chuo zamani kidogo. Wawili walisoma historia, mmoja isimu, mmoja anthropolojia, mmoja sosholojia, na mimi falsafa, ingawa kazi ninayofanya sasa haihusiani na falsafa hata kwa bahati mbaya. Kila baada ya miezi mitatu tunasoma kitabu kimoja kipya cha kitaaluma, tunakutana, tunagombana kistaarabu. Anayechagua ni kwa zamu. Zamu yangu imerudi na sina raha.

Mara ya kwanza nilinunua mtandaoni kitabu kuhusu uvumi, yaani kwa nini watu huamini na kusambaza habari zisizo na mwenyewe. Jalada linang'aa, na muuzaji ameandika mwaka huohuo tuliokuwa nao. Kufika kama ukurasa wa 40, mwandishi anaizungumzia intaneti kama kitu kinachoanza kuingia majumbani! Yule wa isimu alicheka mpaka akatoka nje. Kitabu cha zamani kilikuwa kimevalishwa koti jipya.

Mara ya pili nikakwepa mtego huo nikaingia mwingine: mkusanyiko wa makala kumi na nne za waandishi kumi na nne. Siku ya kukutana kila mtu alikuja na kitabu chake kichwani.

Chuoni mhadhiri alikuwa anatupa orodha, kazi imeisha. Sasa nywila ya maktaba sina, wachapishaji wanamwaga vitabu vipya kila msimu, na nyuma ya jalada vyote vimesifiwa kuwa ni vya lazima. Nyie mnajuaje kipi ni kipya kweli, kipi kina kitu ndani, na mnakipata wapi? Mada yangu ni ileile, uvumi, sijaiacha.

Naomba kuwasilisha.

---

Kalamu ya Kijani

Naweka kambi hapa. Na mimi nina koti jipya moja kabatini.

---

Mkutubi Mstaafu

Pole mwanangu, ingawa na mimi nimecheka.

Nimekaa kwenye maktaba ya chuo maisha yangu yote ya kazi, nikwambie kitu kimoja: jalada ni la idara ya mauzo. Ukweli uko nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, pale penye haki ya kunakili kwa herufi ndogo za kuumiza macho. Hapo tafuta mambo haya. Mwaka wa haki ya kunakili: ukiona miaka miwili au mitatu imefuatana, ule wa mwanzo ndio umri wa kitabu. Halafu tofautisha *toleo* na *chapa*. Toleo jipya maana yake maandishi yamefanyiwa kazi. Chapa mpya ni karatasi na wino tu, maneno ni yaleyale. Muuzaji wako alikupa mwaka wa chapa.

Wachapishaji wengi huweka pia mstari wa namba, 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1. Namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo chapa. Ukikuta mstari unaishia kwenye 4, umeshika chapa ya nne. Wengine huzipanga kwa kuzigawa kushoto na kulia, usichanganyikiwe, tafuta tu iliyo ndogo.

Kama ni tafsiri, angalia mwaka wa lugha ya asili. Nimeona kitabu kimepokewa kama kipya na kilishazeeka kwa Kifaransa.

Lipo na la kinyume chake: kinachotoka mwisho wa mwaka mara nyingi huandikwa mwaka unaofuata, ili kisionekane cha mwaka jana baada ya wiki chache. Kwa hiyo usishangae ukishika mkononi kitabu cha mwaka ambao haujafika.

---

Dogo wa Nyuma

Kumbe zile namba zina maana? Miaka yote nilidhani mchapishaji anajaribu mashine.

---

Binti Tanbihi

Shikamoo Mkutubi. Umegusa pale pale. Mimi niko ndani ya mashine yenyewe (naandika tasnifu, na namuombea msimamizi wangu maisha marefu na barua pepe fupi), kwa hiyo niongeze la upande wa pili.

Kaka Msomaji, katika fani zetu "kipya" si kama gazeti. Kitabu cha kwanza cha msomi mara nyingi ni tasnifu iliyoandikwa upya. Amekaa maktabani au uwandani miaka, akaandika, akaupeleka muswada kwa mchapishaji, na mchapishaji, hasa matbaa za vyuo vikuu, akawapa wataalamu wawili hivi wausome na kuukosoa. Anarekebisha, unarudi. Mpaka kinatoka, utafiti wenyewe una umri wa mtoto wa shule. Halafu mapitio kwenye majarida ya kitaaluma hufuata mwaka mmoja au miwili baadaye. Maana yake kitabu cha miaka miwili au mitatu iliyopita bado ni kipya, na uzuri wake ni kwamba kimeshapigwa mawe na wenzake. Ukikimbilia cha mwezi huu, mwenye kukisifu atakuwa mchapishaji peke yake.

Mapitio mengi ya bure yako H-Net, mtandao wa wasomi wa insia na sayansi za jamii ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukitaka kusikia kuliko kusoma, New Books Network wanawahoji waandishi wenyewe kuhusu vitabu vyao vipya, wamepanga kwa fani. Saa moja ya mahojiano itakuonyesha kama mwandishi ana hoja au ana mada tu. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Sasa mchezo wangu mwenyewe. Ukishika kitabu, soma *shukrani* kabla ya sifa za nyuma. Shukrani zinakutajia msimamizi wa tasnifu, marafiki waliosoma rasimu, mwenzake wa ofisi ya jirani. Kisha geuza nyuma uone nani kasifu. Juzi nimefanya hivyo: wasifiaji watatu, na wote watatu wametajwa kwenye shukrani, mmoja kama mtu aliyemwachia mwandishi nyumba wakati wa likizo. Haimaanishi kitabu ni kibaya. Inamaanisha zile sifa ni salamu za ukoo.

---

Mbishi Mwenye Hoja

Niruhusuni nivuruge. Huu ugonjwa wa "kipya" umetoka wapi? Mapema tu tumekubali bila kuuliza kwamba kitabu cha zamani ni aibu. Kile kitabu cha intaneti kuingia majumbani mngekisoma vizuri, mngepata jioni nzima: mtu anaeleza uvumi ulivyosafiri kabla hatujawa na simu mfukoni. Mkaacha nyama mkacheka mfupa.

Ndugu Msomaji, unaanza na kitabu, anza na swali. "Uvumi" si swali, ni mada. Unataka kujua uvumi unaanzaje? Nani anafaidika? Kwa nini kukanusha hakuuzimi? Hayo ni maswali matatu, na vitabu vitatu visivyofanana. Ukiwa na swali, fungua faharasa mwishoni, tafuta neno lako. Likiwa lina kurasa mbili tu kati ya mia tatu, jina la kitabu linakudanganya.

Mikusanyiko ya makala usiwape kikundi, isomwe na mtu mmoja anayetafuta makala moja. Hapo umeshajifunza kwa maumivu.

---

Msomaji wa Zamu

Mbishi umenichoma ila sawa. Swali langu ni hilo la tatu: kwa nini kukanusha hakuuzimi. Au tuseme, kwa nini mtu anaendelea kusimulia jambo ambalo hata yeye haliamini sana.

---

Mbishi Mwenye Hoja

Ndiyo. Hilo "hata yeye haliamini sana" ndilo la kutafutia.

---

Mwana wa Wazi

Kuhusu kupata: acheni kwanza kununua. Vitabu vilivyowekwa wazi kihalali siku hizi ni vingi, na havijapunguzwa kitu. DOAB, saraka ya vitabu vya ufikiaji huria, ilianza 2012. Unaweka mada, inakuletea vilivyopitiwa na wataalamu, na kiungo cha kupakua. OAPEN, maktaba ya mtandaoni ya vitabu hivyo, wanahifadhi mafaili yenyewe. UCL Press ya London tangu 2015 inatoa vitabu vyake bure mtandaoni vyote, Open Book Publishers wako kwenye kazi hii tangu 2008, University of California Press wana mpango wa vitabu huria uitwao Luminos, na MIT Press wana utaratibu ambao maktaba zinachanga kwa pamoja kisha vitabu vinafunguliwa kwa kila mtu. Kwa sayansi za jamii zinazoandikwa na Waafrika wenyewe, pitia CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti wa sayansi za jamii barani Afrika, wapo tangu 1973 na vitabu vyao vingi vinapakuliwa bure. JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida na vitabu vya kitaaluma, nao wana sehemu ya vitabu vya wazi, huhitaji nywila ya chuo.

Na msidhani bure ni takataka. Gharama imelipwa na mtu mwingine, basi. Takataka ni wale wanaomtumia kila mhitimu barua pepe kwamba "tasnifu yako imetuvutia", wanaichapa kama ilivyo, hakuna aliyeisoma, jalada lina picha ya machweo. Dalili yao ni rahisi: makosa ya tahajia kwenye sentensi ya kwanza ya utangulizi.

Kitabu kikiwa cha kulipia na jalada ni gumu, subiri. Hicho kimelengwa maktaba, na mara nyingi jalada laini hufuata baada ya mwaka mmoja hivi. Au mwandikie mwandishi umuombe sura moja. Hawa watu husomwa na wachache, ukimwandikia kwamba mko sita mnasoma kitabu chake hatalala kwa furaha.

---

Kalamu ya Kijani

Lugha yao lakini! Sentensi moja inaingia kwenye ukurasa wa pili.

---

Mkutubi Mstaafu

Kalamu, soma utangulizi na hitimisho kwanza, kisha sura moja ya kati yenye ushahidi. Kama sura ya kati haina mtu, mahali, barua, wala sauti ya aliyehojiwa, ni nadharia inayojizungusha. Rudisha rafuni bila kuona haya.

---

Msomaji wa Zamu

Mrejesho, wakuu. Wiki mbili zimepita.

Nilianza na vitabu kumi na moja. Ukurasa wa haki ya kunakili uliondoa vinne, kimoja kina mstari wa namba unaoishia kwenye 7. Mikusanyiko miwili nikaiaga. Kimoja kilinipendeza mpaka nilipofika kwenye bibliografia: kazi ya karibuni kabisa iliyotajwa ni ya miaka kumi na miwili kabla ya mwaka wa kitabu. Sijui hiyo miaka yote mwandishi alikuwa anasoma nini. Viwili faharasa imevikana.

Vikabaki viwili. Nikasoma shukrani, nikacheka peke yangu. Mwandishi mmoja anamshukuru mama mmoja aliyemfukuza siku ya kwanza ya utafiti na kumkaribisha siku ya tatu. Nikaenda sura ya tatu, nikamkuta huyo mama, kurasa sita, anasimulia uvumi kuhusu jirani yake na kila baada ya sentensi mbili anasema "wanasema, mimi sikuwepo". Mwandishi amelikalia hilo neno "wanasema" sura nzima: nani anabeba lawama ukilisema, na kwa nini ukimkanusha msimuliaji hujamgusa, maana hakudai kuwa anajua.

Kina miaka miwili, kiko wazi, nimekipakua bure. Nimewatumia wenzangu. Yule wa isimu ameshajibu, anauliza ni chapa ya ngapi.

---

Mbishi Mwenye Hoja

Faharasa ina "kukanusha"?

---

Msomaji wa Zamu

Ina. Mistari minne ya kurasa, na mwishoni imeandikwa: "ona pia *mzaha*".

---

Mbishi Mwenye Hoja

Weka kiungo hapa.