Friji "inapiga kidogo", mnavaa ndala ndipo mnafungua? Tupeane uzoefu wa umeme wa majumbani

Mpangaji wa Tabata

Wakuu, habari za jioni.

Nyumbani kwa mama kuna pea moja ya ndala za bluu zinazokaa mbele ya friji. Si za chooni, si za kutokea nje, ni za kufungulia friji. Mgeni akitaka maji ya baridi anaambiwa, "Vaa ndala kwanza, hiyo inapiga kidogo." Tumeishi hivyo mwaka wa tatu sasa, tumeshazoea.

Jumapili iliyopita mwanangu wa miaka minne katoka kuoga, miguu inachuruzika maji, kaenda moja kwa moja kushika mlango wa friji. Nilikuwa sebuleni. Nilisikia sauti fupi tu, kama mtu aliyekatwa neno mdomoni, halafu kishindo. Nikamkuta amekaa sakafuni anatetemeka, machozi yanamtoka lakini sauti haitoki. Yuko salama, namshukuru Mungu. Ila usiku ule sikulala. Ndala zilikuwa pale pale, saizi ya watu wazima, tukidhani ndiyo kinga.

Naomba kila aliyewahi kupigwa shoti, au aliyepoteza mtu, au fundi anayejua, aeleze hapa. Nataka kuelewa, na nataka mwingine asome kabla hayajamkuta.

Fundi Nyaya

Pole mkuu, na mtoto umpe pole. Mimi ni fundi umeme mwaka wa 19 huu, na neno linaloniumiza kuliko yote ni hilo "kidogo".

Umeme lazima uende na urudi. Unaingia kwenye friji kwa waya wa laini, unafanya kazi, unarudi kwa nyutro. Ganda la waya likichubuka huko ndani, laini inagusa bodi la bati. Ule waya wa tatu, wa kijani wenye mstari wa njano, tunaouita ethi, umefungwa kwenye bodi kwa ajili ya siku hiyo tu. Unauchukua umeme uliovuja na kuupeleka ardhini kabla haujapata njia nyingine. Kama ethi haipo, bodi linakaa na umeme wake linasubiri mtu.

Sasa hesabu. Umeme wetu ni volti 230. Ngozi kavu ina ukinzani mkubwa, tuseme omu 50,000, kwa hiyo inapita kama miliampea 4 au 5 (miliampea ni sehemu ya elfu ya ampea). Ndiyo hiyo "kidogo", unatekenywa unaachia. Ngozi iliyolowa, miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji yenye maji, ukinzani unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Gawanya mwenyewe volti kwa omu: miliampea 230. Kuanzia kama 10 mkono unakaza, huwezi kuachia. Ikifika 100 moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Friji ni ile ile na volti ni zile zile, kilichobadilika ni maji tu.

Na mwenye tabia ya kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie, aache leo. Lile tundu ndilo la ethi. Ile pini ya juu ni ndefu kuliko wenzake kwa makusudi, iingie kwanza ifungue vifuniko, na ethi ishike kabla laini haijagusa. Ukiipita kwa kalamu, umeacha kinga nje.

Binti Mhehe

Fundi, samahani. Kama umeme ulikuwa unavuja miaka mitatu, mbona breka haikudondoka?

Fundi Nyaya

Swali zuri dada. Breka ya soketi ni ampea 32. Inadondoka nyaya zikizidiwa au laini ikigusana na nyutro. Inalinda waya usiungue, nyumba isishike moto. Mtu anakufa kwa sehemu ndogo sana ya hapo, breka haina habari naye. Kinachomlinda mtu ni kifaa kinachoitwa RCD, kile chenye kitufe kilichoandikwa T. Kwa nyumba za kuishi huwa cha miliampea 30, yaani kinashtuka kwa kiasi kidogo mara elfu moja hivi kuliko ile breka. Nyumba nyingi ninazoingia hazina. Nyingine wanacho, lakini fundi aliyetangulia alikiruka kwa sababu "kinasumbua kukatakata". Kilikuwa kinakata kwa sababu kuna kitu kinavuja.

Mwalimu wa Fizikia

Naomba nimuunge mkono fundi, maana hapa ndipo somo la sumaku linapookoa watu na wanafunzi hawaambiwi.

Baba yangu alikuwa na baiskeli yenye dainamo, kale kachupa kanakogusa tairi la nyuma. Nikiwa darasa la sita nilikafungua. Ndani nikakuta sumaku inazunguka karibu na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Betri hakuna, ila ukizungusha taa inawaka. Nilichokumbuka miaka mingi baadaye ni miguu: usiku ukiisukuma dainamo iguse tairi, pedali zinakuwa nzito palepale. Mwanga ule ulikuwa unatoka kwenye mapaja yangu. Faraday aliionyesha dunia jambo hili mwaka 1831, kwamba sumaku ikisogea mbele ya waya umeme unazaliwa, na mpaka leo Kidatu, Mtera na yale mashine tisa ya bwawa la Nyerere kule Rufiji yanafanya hilo hilo. Badala ya miguu ya mtoto, ni maji ya mto.

Kinyume chake pia ni kweli. Waya wenye umeme unakuwa na usumaku kuuzunguka, na hivyo ndivyo RCD inavyofanya kazi. Laini na nyutro zinapita pamoja katikati ya pete ya chuma. Umeme unaokwenda unatengeneza usumaku upande huu, unaorudi unatengeneza upande ule, vinafutana. Umeme uliokwenda ukirudi wote, pete imetulia. Sasa mtoto ashike friji: sehemu ya umeme inapita kwake kwenda ardhini, hairudi kwa nyutro. Hesabu haijatimia. Usumaku uliobaki unazaa umeme mdogo kwenye waya uliozungushwa kwenye ile pete, kifyatuo kinaachia, nyumba inazimika kabla hata theluthi ya sekunde haijaisha. Mwili unaweza kuuma, lakini mtoto anabaki hai.

Huwa nawaambia vijana wangu: kile kifaa hakimjui mtu wala friji. Kinajua kuhesabu kilichotoka na kilichorudi, basi.

Dada wa Marehemu

Nimesoma toka juu, nimeandika nimefuta mara tatu.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 17. Nyumbani kwetu kamba ya kuanikia nguo ilikuwa waya, sio kamba. Upande mmoja umefungwa kwenye mpapai, upande mwingine kwenye mbao ya kenchi karibu na bati. Waya wa umeme unaotoka nguzoni ulikuwa umelala juu ya ukingo wa bati. Upepo umeusugua miezi na miezi, ganda likaisha, bati likawa na umeme na hakuna aliyejua. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Akaenda kuanika shuka.

Mama alimuona amesimama ameshika waya, akadhani anacheza. Alipoona hajibu akakimbia kumvuta, naye akanasa. Jirani yetu, mama wa makamo, ndiye aliyekuwa anatwanga kisamvu. Alikuja na mchi wake akaupiga ule waya mpaka ukakatika kutoka kwenye kenchi. Mchi ulikuwa mkavu kwa sababu alikuwa anatwangia barazani. Mama akaanguka akiwa hai. Mdogo wangu hakuamka.

Mikono ya mama ina alama mpaka leo, mstari mweupe viganjani. Nyumbani tunaanika kwa kamba ya katani. Nawaomba, tokeni nje sasa hivi muangalie waya unaoingia nyumbani kwenu unapita wapi. Kama unagusa bati, msiuguse, pigeni simu waje waukaze.

Muuguzi wa Zamu

Dada, pole sana, pole mno. Mungu ampumzishe mdogo wako. Na yule jirani alifanya jambo ambalo wengi hatulikumbuki.

Naongeza la hospitali. Ukikuta mtu amenasa, usimguse. Kimbilia meni swichi uzime. Kama iko mbali au hujui ilipo, tumia mti mkavu, mchi, mpini wa ufagio, ukiwa umesimama pakavu. Hiyo ni kwa umeme wa nyumbani tu. Waya wa nguzo kubwa ukianguka, ule wa volti 11,000 au 33,000, mti haukusaidii. Hata ardhi ina umeme, usiusogelee, na kama uko karibu ondoka kwa hatua fupi fupi za kuburuza miguu isiachane.

Akishaachiwa, muite. Hajibu na hapumui vizuri? Weka mikono miwili katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike. Nimepokea maiti ya kijana aliyefukiwa mchanga mpaka shingoni eti umeme utoke. Umeme haukai mwilini. Dakika zile za kuchimba shimo ndizo zilikuwa za kukandamiza kifua. Na aliyepigwa vibaya akanyanyuka anaongea, mleteni bado tumpime moyo.

Jirani wa Nakuru

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Huku kwetu twasema stima, na mtu "anarushwa". Lakini shida ni ile ile.

Nilihamia ploti moja yenye shawa ya kupasha maji, ile inayofungwa pale juu kichwani. Siku ya kwanza nikagusa mfereji, yaani bomba la maji, ikanirusha. Nikamwita keateka, msimamizi wa ploti. Akaniletea kibao cha mbao, akasema nisimamie hicho nikioga, wapangaji wote wanacho. Nimecheka? La. Niliogopa, nikaoga kwa beseni wiki mbili, halafu nikamlipa fundi wangu mwenyewe.

Akafungua mbele yangu. Ethi ilikuwa imekatwa na kuzungushiwa tepu nyeusi. Na shawa ya wati 5,000 ilikuwa imeunganishwa kwa waya wa taa. Kwa volti 240 za huku hiyo ni kama ampea 21, ndani ya waya mwembamba hivyo! Ganda lilikuwa limekuwa kahawia, ukiligusa linakatika kama biskuti. Fundi akasema shawa hutaka waya wake mnene toka kwa meni, na swichi yake peke yake. Mwenye ploti alikataa kulipia. Nilihama mwisho wa mwezi, na kila mlango niligonga nikawaeleza majirani nilichoona.

Mzee wa Sola

Mimi nina dogo tu. Wengi wanasema sola haina hatari, volti 12 haimpigi mtu. Kweli haimpigi. Ila nilikuwa nakaza tamino ya betri kwa spana, pete ya ndoa iko kidoleni, spana ikagusa tamino ya pili na pete ikashika katikati. Betri ile inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa mara moja. Pete iliwaka nyekundu kidoleni. Nina kovu la duara ambalo halitatoka. Kabla ya kushika betri, vueni pete na saa.

Mpangaji wa Tabata

Wakuu, nimerudi. Nimesoma kila neno, na dada, ujumbe wako nilimsomea mama, akalia.

Jumamosi fundi alikuja. Waya wa ethi ulikuwepo kwenye soketi zote, wa kijani, mzuri kabisa. Tukaufuata mpaka nje. Kwenye ukuta nyuma ya nyumba ulikuwa umekatwa, ncha inaning'inia. Nondo ya shaba iliyokuwa ardhini imeng'olewa, pamebaki tundu limejaa majani. Nadhani iliuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, lini sijui. Amepiga nondo mpya na kufunga RCD. Akabonyeza kile kitufe cha T, nyumba nzima ikazima, mwanangu akapiga makofi.

Kisha tukachomeka friji. RCD ikakata hapohapo. Tukarudia, ikakata. Akaligeuza friji akafungua nyuma: panya ametafuna waya wa kompresa, shaba imegusa bodi. Umebadilishwa, sasa linafanya kazi na RCD imetulia. Mama anafungua lakini bado anavaa zile ndala kwanza, na sijamkataza.

Fundi Nyaya, swali moja. Udongo wetu ni mchanga, kiangazi unakauka sana. Ile nondo itafanya kazi?

Fundi Nyaya

Hongera mkuu. Udongo mkavu unaongeza ukinzani, ndiyo maana RCD ni lazima, yenyewe haihitaji umeme mwingi wa kuvuja ili ikate. Kiangazi mwagia ndoo ya maji kwenye nondo mara kwa mara, na fundi aje na mita aipime mwezi wa tisa kabla ya vuli. Ile T ibonyeze kila baada ya miezi mitatu. Na nondo ifunikwe kwa zege na kifuniko, isije ikang'olewa tena.